Mshika Mbili: Uzi na Taa Mkononi mwa Mzamiaji wa Mapangoni

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya mikono katika shughuli ambayo wasomaji wetu wengi hawajapata kuiona kwa macho yao, nayo ni kuzamia katika mapango yaliyojaa maji. Mzamiaji wa mapangoni huingia majini akiwa na vitu viwili asivyoweza kuviacha nyumbani: bobini yenye uzi, na taa. Uzi huutandaza nyuma yake kuanzia mlangoni hadi mwisho wa safari yake, na kwa uzi huo huo hurudi. Taa humwonyesha mahali pa kupita na mahali pa kuufunga uzi.

Methali yetu yasema kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Kwa kawaida twamwambia hivyo mtu mwenye tamaa, atakaye mambo mawili kwa wakati mmoja. Lakini mzamiaji wa mapangoni hana hiari; sharti ashike vyote viwili. Kwa hiyo swali linalomhusu si kama kimoja kitamponyoka siku moja, bali ni kipi kati ya hivyo viwili anachoweza kukikosa na bado akarudi hai. Jibu la watu waliozoea kazi hii ni moja, nalo huwashangaza wanaolisikia kwa mara ya kwanza: taa yaweza kuponyoka, uzi hapana. Tutaeleza hapa sababu za jibu hilo, kisha tutaonyesha jinsi linavyoongoza kila tendo la mkono, tangu fundo la kwanza hadi la mwisho.

Jambo hili latuhusu pia sisi tunaojishughulisha na lugha. Ufundi huu umeandikwa hasa kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Hata hivyo, anayejaribu kuueleza kwa Kiswahili atatambua kwamba maneno mengi yapo tayari, kwa wavuvi, kwa mabaharia na kwa mafundi wa cherehani. Kinachotakiwa ni kuyachagua kwa uangalifu. Ndiyo maana tunaanza na majina.

1. Majina ya vyombo

Kwanza, tunasema «uzi» wala si «kamba». Chombo chenyewe ni nailoni iliyosukwa, yenye unene wa milimita 2 hivi. Neno «kamba» huleta akilini kitu cha kubeba uzito, kama vile mtu anavyoteremshwa kisimani na wenzake kumvuta juu. Uzi wa pangoni haumbebi mtu wala haumvuti, humwongoza tu. Anayeuegemea au kuuvuta ili asonge mbele huweza kuung'oa mahali ulipofungwa, na hapo amejiharibia njia. Neno «mshipi» lingekaribia, kwa kuwa nao ni uzi wa majini, lakini mshipi hutupwa ili uvutwe na samaki wake. Uzi wetu hutakiwa kukaa. Jamaa yake wa karibu zaidi ni bildi ya mabaharia wa pwani, yaani uzi wenye risasi wa kupimia kina cha maji, maana uzi wa pangoni nao hupima. Tutauita basi «uzi wa kuongozea».

Pili, uzi huo hukunjwa katika «bobini», neno linaloeleweka kwa kila fundi wa cherehani. Bobini ya mzamiaji ni gurudumu lenye kishikio, na kando yake kuna skrubu ndogo ya kulifunga lisizunguke. Bobini kuu hubeba uzi wa mita 100 na zaidi. Kila mzamiaji huchukua pia bobini ndogo ya akiba, yenye uzi wa mita 45 hivi, ambayo kazi yake tutaiona mbele.

Tatu, taa si moja. Kila mzamiaji huwa na taa tatu: taa kuu ya mkononi na taa mbili za akiba, zilizofungwa mwilini mahali ambapo mkono wowote waweza kuzifikia. Mwenye taa tatu aliyeharibikiwa na taa moja hubaki na mbili. Mwenye moja hubaki gizani.

2. Kwa nini uzi watangulia taa

Mzamiaji wa baharini au ziwani akipatwa na shida huelekea juu, kwa kuwa juu kuna hewa. Pangoni, juu kuna dari ya mwamba. Njia ya hewa ni ile ile aliyoingilia, nayo yaweza kuwa mamia ya mita nyuma yake, yenye pembe na njia panda nyingi. Isitoshe, njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Matundu ambayo mtu hakuyaona alipokuwa akiingia, kwa sababu yalikuwa nyuma ya bega lake, humkabili wazi wakati wa kutoka, na kila moja hujifanya kuwa ndilo mlango.

Mtu aweza kufikiri kwamba taa kali ingetosha kumtoa. Ingetosha kama maji yangebaki safi. Maji ya mapango mengi ni angavu ajabu, lakini sakafuni hulala tope laini lililotulia kwa miaka mingi. Pigo moja baya la mguu hulitibua. Mapovu ya pumzi nayo hugonga dari na kuangusha vumbi lililokuwa limeshikamana na mwamba. Kwa muda mfupi maji yale yaliyokuwa kama kioo huwa kama maziwa. Hapo taa haisaidii tena: mwanga wake hugonga chembe za tope na kumrudia mwenyewe machoni, kama taa za gari katika ukungu mzito wa milimani. Kadiri taa ilivyo kali, ndivyo ukuta mweupe mbele yake unavyozidi kung'aa. Tope hilo laweza kuchukua saa nyingi kutulia, ilhali hewa ya mtungini haingoji.

Uzi hautegemei mwanga. Vidole huusoma katika giza na katika tope sawasawa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya vyombo hivi viwili: taa humwonyesha mtu mahali alipo, uzi humwonyesha mahali alikotoka.

Ukweli huu ulipatikana kwa vifo vingi. Mnamo mwaka wa 1979 Sheck Exley (1949–1994), mwalimu wa hisabati na mzamiaji mashuhuri wa Florida, nchini Marekani, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Basic Cave Diving. Ndani yake alichunguza ajali moja baada ya nyingine na kutafuta kosa lililozaa kila kifo. Alikuta makosa makuu matatu. La kwanza ni kutokuwa na uzi mmoja usiokatika unaofika hadi maji wazi. La pili ni kutoweka akiba ya theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kurudi. La tatu ni kushuka kina kikubwa kupita kiasi. Baadaye walimu wengine waliongeza mengine mawili: kukosa mafunzo, na kukosa taa za kutosha. Msomaji atazame mpangilio huo: uzi umo katika orodha tangu mwanzo, taa imefika nyuma.

Huko huko Florida kuna kanuni nyingine inayofundisha jambo lile lile kwa njia ya ajabu. Katika baadhi ya chemchemi zenye mapango, mzamiaji asiye na cheti cha mapango haruhusiwi kuingia majini na taa. Wanaotunga kanuni hiyo wanajua wanachokifanya. Mtu asiye na taa huona giza la mlangoni, huogopa na kurudi. Mwenye taa huona chumba kizuri mbele, kisha kingine nyuma yake, naye hana uzi. Katika milango ya mapango mengi huwekwa pia kibao chenye picha ya Kifo aliyevaa joho, kikionya kwamba hata walimu wa uzamiaji wa baharini wamefia mahali pa namna hiyo. Taa peke yake, basi, huvuta ndani; haina nguvu ya kutoa nje.

3. Kamba iliyoshikwa na mtu wa nje

Kabla ya kufikia uzi uliofungwa mwambani, watu walijaribu kwanza kamba iliyoshikwa na mwenzao mlangoni. Kisa kinachojulikana zaidi ni kile cha Fontaine de Vaucluse, kusini mwa Ufaransa. Mwezi wa Agosti 1946, Jacques-Yves Cousteau na Frédéric Dumas walizamia katika chemchemi hiyo. Kamba yenye uzito wa chuma ilishuka mbele yao, na Maurice Fargues aliishika juu. Walikuwa wamepatana ishara: mvuto mmoja, kaza kamba, mivuto mitatu, ongeza kamba, mivuto sita, tupandishe haraka.

Taa walikuwa nazo. Lakini chini kule akili zao zilianza kulewa, na Dumas akashindwa kujiendesha. Cousteau alijaribu kupanda kwa kuikwea kamba kwa mikono, huku akimvuta mwenzake. Fargues aliyeko juu alihisi kamba ikitikisika, akafahamu kwamba wanaomba kamba zaidi, akazidi kuwaachia. Kila Cousteau alipoikwea, kamba ilimshukia. Mwishowe Fargues aliwavuta, nao wakaokoka kwa shida. Chanzo cha ulevi wao kilijulikana baadaye: mashine ya kujazia mitungi ilikuwa imevuta moshi wa injini yake yenyewe, na hewa yao ilikuwa na sumu ya kaboni monoksidi.

Tusiache sumu hiyo itufiche funzo la pili. Kamba iliyoshikwa na mtu ni mazungumzo, na mazungumzo yaweza kueleweka vibaya. Mvuto uliopita kwenye pembe mbili za mwamba haufiki ulivyotumwa. Uzi uliofungwa mwambani hausemi neno wala hausubiri jibu; upo tu mahali ulipowekwa, na anayeurudia ni yule yule aliyeutandaza au mwenzake aliyemwona akiutandaza.

4. Mitindo miwili ya kushika

Nchini Uingereza, mwaka wa 1935, Graham Balcombe na Jack Sheppard walizamia katika pango la Wookey Hole, wilayani Somerset, wakiwa wamevaa mavazi mazito ya wazamiaji wa bandarini, ambayo hewa yake ilipitia katika bomba kutoka nje. Bomba hilo lilikuwa njia yao ya kurudi. Walipoanza kutumia vyombo vya kupumulia vinavyobebwa mwilini, bomba likaondoka, na haja ya uzi ikawa dhahiri. Kikundi cha Cave Diving Group kilianzishwa mwaka wa 1946, na wazamiaji wake wa zama hizo walibeba chombo kimoja kikubwa walichokiita Aflolaun. Chombo hicho kiliunganisha bobini, taa, dira na kipimo cha kina. Yaani, mtu alipotatizwa na kushika vitu viwili, jawabu la kwanza lilikuwa kuvifanya kitu kimoja. Kilikuwa kizito, na kiliachwa, lakini tatizo lenyewe halikuachwa.

Leo kuna mitindo miwili mikuu. Mtindo wa kwanza ni wa Uingereza na sehemu nyingine za Ulaya, ambako mapango mara nyingi ni membamba, maji ni baridi na tope halikosekani. Huko taa hufungwa juu ya helmeti, kama ya mchimbaji wa madini, na mkono mmoja haubanduki kwenye uzi. Mtindo wa pili ni wa Florida na rasi ya Yucatán, huko Meksiko, ambako maji ni angavu na njia ni pana. Huko taa hukaa mkononi, kwa kuwa mwanga wake ni lugha ya kuzungumza na wenzako, na uzi hufuatwa kwa macho. Vidole huushika tu pale maji yanapoharibika.

Mitindo hii yaonekana kupingana, lakini imejengwa juu ya msingi mmoja. Wa kwanza huiondoa taa mkononi ili uzi usikose mkono. Wa pili huiacha taa mkononi kwa sharti kwamba uzi uwe daima mahali ambapo mkono waweza kuufikia. Hakuna mtindo unaouacha uzi ili kuishika taa.

5. Kazi ya mkono wakati wa kuingia

Tufuate sasa mtindo wa pili, hatua kwa hatua.

Taa kuu hukaa mgongoni mwa mkono, mara nyingi wa kushoto, katika kishikio kinachoacha vidole huru. Kwa walimu wengi vidole vya mkono huo huo ndivyo vinavyoshika bobini. Kwa namna hii mkono wa kushoto hubeba vyote viwili, na mkono wa kulia hubaki mtupu kwa kazi ya kufunga uzi, na kwa kazi kubwa kuliko zote, yaani kumpa hewa mwenzako aliyeishiwa. Taa ikiwa ni ya namna iliyo na waya wa umeme toka kiunoni, waya huo sharti uchungwe usivukane na uzi wala na bomba refu la hewa la kumpatia mwenzako.

Fundo la kwanza hufungwa nje ya pango, katika maji wazi, mahali ambapo mtu aweza kupanda moja kwa moja hadi juu. La pili hufungwa ndani kidogo ya mlango. Fundo la kwanza likifunguliwa na mpita njia au likikatika, la pili hubaki. Tangu hapo mzamiaji huogelea polepole huku gurudumu likizunguka. Kidole kimoja hugusa ukingo wake bila kukoma. Bila kidole hicho, gurudumu huendelea kuzunguka hata baada ya mtu kusimama, na uzi hutoka mafungumafungu na kumzunguka mwenyewe miguuni na kwenye mitungi.

Uzi hukazwa muda wote. Uzi uliolegea huelea huku na huko, hunasa mapezi ya miguuni, na humdanganya anayeufuata, kwa sababu hauonyeshi tena upande. Kila njia inapopinda, uzi huzungushwa kwenye jiwe imara ili usikate kona. Hufungwa chini au pembeni mwa njia, wala si katikati ambako watu hupita.

Hapa pana hatari ambayo mwanafunzi huichelewa kuielewa, nayo ni mtego wa uzi. Mzamiaji akipita kwa macho mahali papana bila kuufunga uzi kwenye pembe, uzi huvutwa pembeni na kuingia katika ufa mwembamba. Wakati wa kwenda hakuna anayeona ubaya, maana macho huchagua njia pana. Wakati wa kurudi katika tope, mkono huufuata uzi, uzi huingia ufani, mkono hupenya, lakini kichwa na mitungi havipiti. Uzi haukukatika, na njia haipo. Kamba hukatikia pabovu, wasema wahenga; uzi huu huharibikia mahali palipoonekana pazuri wakati taa ilipokuwa ikiwaka. Kwa sababu hiyo, kila anapozungusha uzi kwenye jiwe, mzamiaji hujiuliza swali moja: je, naweza kupita hapa nikirudi nimefumba macho? Kama jibu ni hapana, hufungua na kufunga upya. Uzi hutandazwa kwa msaada wa taa, lakini hutandazwa kwa ajili ya giza.

Mwenzake wa nyuma naye ana kazi. Humulika pale fundo linapofungwa, bila kumpiga mwenzake machoni kwa mwanga. Hupitisha mkono juu ya uzi na kuangalia kama umekaa. Doa la mwanga wa taa yake, likiwa kando ya doa la mwenzake wa mbele, humwambia huyo wa mbele kwamba hayuko peke yake, bila haja ya kugeuka. Mwanga ukizungushwa duara polepole, maana yake ni salama. Ukitikiswa upande hadi upande polepole, maana yake ni nitazame. Ukitikiswa kwa haraka, maana yake ni hatari.

Katika mapango yanayotembelewa sana, uzi wa kudumu umetandazwa kitambo. Mara nyingi uzi huo huanzia mbali kidogo ndani ya mlango, usije ukamvuta mtu asiyejua. Bobini ya mzamiaji basi ndiyo inayounganisha maji wazi na uzi wa kudumu. Juu ya uzi huo huwekwa mishale midogo ya plastiki inayoelekea kwenye mlango wa karibu, ambayo umbo lake husomeka kwa kidole. Uzi wenye mafundo kwa kila umbali maalumu hutumika pia kuchora ramani, pamoja na dira na kipimo cha kina. Mwezi wa Januari 2018 ilitangazwa kwamba mapango ya Sac Actun na Dos Ojos, huko Yucatán, yameonekana kuwa pango moja lenye urefu wa kilomita 347. Urefu huo ulipimwa kwa uzi uliotoka bobini moja baada ya nyingine, kwa miaka mingi.

6. Kimoja kinapoponyoka

Taa kuu ikizimika, safari imekwisha. Mzamiaji huwasha taa ya akiba, huwaarifu wenzake, na wote hugeuka. Taa mbili zilizobaki si ruhusa ya kuendelea. Ni za kurudia tu. Taa zote zikizimika, au tope likifunika kila kitu, kila mmoja huuzungushia uzi pete ya kidole gumba na kidole cha shahada. Hauvuti, huuacha uteleze ndani ya pete. Mkono wa pili humshika mwenzake wa mbele, na mkono huo huzungumza: kusukuma mbele ni «twende», kubana ni «simama», kuvuta nyuma ni «rudi nyuma». Watu hutoka hivyo polepole, wala hawahitaji kuona chochote.

Uzi ukiponyoka, shida ni ya namna nyingine. Kosa la kwanza la aliyepotewa na uzi ni kuogelea ili kuutafuta, maana kila pigo la mguu humtoa mahali alipouona mara ya mwisho na kuongeza tope. Inampasa kusimama, kutulia, na kuifunika taa yake kwa kiganja: huenda akaona mwanga hafifu wa wenzake upande fulani. Asipouona, huitoa bobini ndogo ya akiba, hufunga mwanzo wake kwenye jiwe lililo karibu, kisha hutafuta kuelekea upande ambao uzi mkuu yaelekea upo, akipapasa ukutani na sakafuni. Akiukosa, huufuata uzi wake mdogo hadi mwanzo na kujaribu upande mwingine. Kwa njia hii hapotei zaidi ya alivyokwisha kupotea. Hata anayetafuta uzi, basi, hutafuta kwa uzi.

Wakati wa kutoka, mwenye bobini ndiye hutangulia nyuma, yaani hutoka mwisho, akikunja uzi baada ya wenzake wote kupita. Husogea akiufuata uzi huku akikunja. Hauvuti kuelekea kwake. Lakini mwenzake akiishiwa na hewa, hufunga skrubu ya bobini na kuiacha pale pale. Bobini huweza kununuliwa nyingine.

7. Mfano wa Tham Luang

Tarehe 23 Juni 2018, vijana 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia katika pango la Tham Luang, kaskazini mwa Tailandi, na mvua ikawafungia njia. Tarehe 2 Julai, Waingereza Rick Stanton na John Volanthen, waliokuwa wakitandaza uzi katika maji ya tope, waliwakuta hai karibu kilomita 4 kutoka mlangoni. Tarehe 6 Julai, Saman Kunan, aliyekuwa mwanajeshi wa majini wa Tailandi, alifariki baada ya kupeleka mitungi ya hewa ndani. Kuanzia tarehe 8 hadi 10 Julai wote 13 walitolewa wakiwa wamelazwa usingizi kwa dawa, kila mmoja akibebwa na mzamiaji mmoja.

Hebu tuihesabu mikono. Mkono mmoja ulimshika mtoto. Mkono wa pili ulishika uzi. Taa ilikuwa kichwani, na katika maji yale ya rangi ya udongo haikuonyesha karibu chochote. Wazamiaji walisonga mbele kwa kuhisi uzi. Katika safari mojawapo, mmoja wao aliponyokwa na uzi akiwa na mtoto mkononi. Alipapasa, akakuta waya wa umeme, akaufuata hadi akajikuta amerudi katika chumba cha nyuma. Huko alisubiri mwenzake aliyekuja, ndipo mtoto akatolewa salama. Mshika mbili alikuwa ameponyokwa na moja; kilichomwokoa ni kushika mahali pake kitu kingine kinachofanana na uzi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uzi na taa, ingawa vyashikwa pamoja, havina cheo sawa. Taa hufungua njia, hutoa ishara, na humwezesha mtu kufunga uzi vizuri. Uzi hurudisha. Anayeelewa hivyo huipanga mikono yake ifaavyo: huiweka taa mgongoni mwa mkono au kichwani ili vidole vibaki kwa ajili ya uzi, hukaza, huzungusha na huangalia akifikiria saa ambayo hataona, na taa inapomzimikia, hana la kutafuta, kwa kuwa njia iko vidoleni mwake tayari.

Kuhusu lugha, tumeona kwamba vitenzi vilivyotufaa ni vya kila siku: kutandaza, kukaza, kulegea, kuzungusha, kukunja, kupapasa. Havikuhitaji kuundwa upya. Kilichohitaji uangalifu ni tofauti ndogo, kama ile ya kamba na uzi, au ya kuvuta na kufuata. Mwanafunzi wa uzamiaji atakayeambiwa «vuta uzi» badala ya «fuata uzi» atakuwa amepewa amri ya kuibomoa njia yake mwenyewe. Yeyote atakayefundisha ufundi huu kwa Kiswahili na aanzie hapo.